Sweta zito la Uru

Jamani, leo nusura nikose kazi kwa sababu ya sweta!

Mnajua niko kwenye majaribio ya kuchapa barua, kwenye ofisi moja hapa Moshi mjini. Leo ilikuwa siku ya mwisho: wanichukue au nirudi nyumbani.

Asubuhi kwetu Uru, juu mlimani, kulikuwa na ukungu na baridi, nikavaa sweta zito. Kufika mjini, jua la Februari! Ofisi imeezekwa bati, na feni ni mbovu.

Kufika saa sita nilikuwa sielewi ninachochapa. Nikaruka mstari mzima. Barua ikarudishwa, nikakosea tena.

Mama Mushi, msimamizi wetu, akanijia.

"Mwanangu, unatoka jasho kama uko jikoni. Vua hilo sweta."

"Shikamoo, mama. Niko sawa tu."

(Ndiyo, nilimwamkia mara ya pili. Aibu!)

Ukweli ni kwamba ndani nilivaa shati la shule, lenye nembo kifuani. Sina jingine la heshima.

Hakuondoka. Nikavua.

Akaitazama ile nembo, akacheka. "Kumbe ni hilo tu? Mimi nilianza kazi hapa na sketi ya shule, mwaka mzima!"

Ofisi nzima ikacheka, hata mimi. Akanihamishia dirishani. Upepo ukanipiga, kichwa kikatulia, na barua ikatoka bila kosa.

Jumatatu naanza rasmi! Mama Mushi amesema nije na shati lile lile.

Haya, nanyi semeni kweli: nani bado anavaa shati lake la shule?