Kiraka cha Kona

Kavinya wa Kware hushona blanketi za viraka, na majirani huapa kuwa sindano yake iliwahi kushona ufa wa ghorofa yao, nyumba ikatulia. Kwa umri wa miaka thelathini na tisa, alikuwa akisomea mtihani wa kidato cha nne. Mwalimu Nalianya, anayefundisha watu wazima Komarock, alikuwa amesema: atakayeanguka jaribio la Jumamosi saa nane hasajiliwi mwaka huu.

Jumamosi hiyo, saa nne asubuhi, Kavinya alikodolea macho swali la mazoezi: x² + y² + 6x + 8y = 0. Tafuta kitovu cha duara na nusu kipenyo. Kila akipiga hesabu, nusu kipenyo ilitoka sufuri.

"Duara la sufuri?" alicheka mama mkwe wake, Nthoki, asiyewahi kushika kalamu. "Hilo ni tundu la sindano! Hebu nieleze."

"Hutaelewa, mama."

"Wewe mwenyewe nilikuelewa, itanishinda hiyo?"

Kavinya akatandika kitambaa cha mraba, upande wake x. Ukanda wa upana wa sita, ndio 6x, akaukata katikati kwa urefu, nusu akaiweka ubavuni, nusu chini. Konani pakabaki pengo.

"Hapa naziba kwa kiraka cha tatu kwa tatu, yaani tisa. Kwa y, nne kwa nne, kumi na sita."

"Na viraka umevitoa wapi?"

"Nimeviongeza tu, upande huu wa hesabu."

"Upande mmoja? Kavinya, ukishonea mapacha, mmoja umtilie kiraka na mwenziwe umnyime, atalia hadi mbuzi wa machinjioni Kiamaiko wajitie kamba wenyewe!"

Kavinya akatazama upande wa pili wa hesabu. Sufuri ilikaa pale peke yake, haijapewa kitu. Akaipa tisa na kumi na sita: ishirini na tano. Nusu kipenyo, tano! Kitovu, hasi tatu na hasi nne.

Saa nane alikuta swali la namna hiyo hiyo, akawapa mapacha wote haki yao. Akasajiliwa.

Jumamosi iliyofuata alimfunika Nthoki magoti kwa blanketi mpya.

"Ya nani hii?"

"Ya mwalimu wangu."

"Nalianya mzima hivyo hana blanketi?"

"Anayo, mama," Kavinya akasema, akiichomeka vizuri miguuni pa Nthoki. "Asante."