Mume Wangu Anapozuia Pumzi

Mimi ni mtu wa Tarbaj, nchi kavu. Kwetu maji hukaa chini kabisa ya kisima, na sikuwahi kuogopa kuzama kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuzama. Hofu ya maji mengi niliipata ukubwani, nilipoolewa Garissa na mwanamume ambaye familia yao ina shamba la ndizi kando ya Mto Tana.

Mashamba yale hunyweshwa kwa pampu za dizeli. Mdomo wa bomba hukaa ndani ya mto, na mto ukileta matope na matawi, huziba. Lazima mtu azame auzibue kwa mikono, huku wenzake wakiangalia mamba. Mume wangu alikuwa mmoja wa wale wanaozama. Siku za mwanzo sikuweza hata kutazama. Nilikuwa nasimama kwenye migomba, nimeupa mto mgongo, nikisubiri kusikia sauti yake.

Halafu rafiki yake akafa. Walisoma madrasa pamoja, na alikuwa ndiye mwendesha pampu wa shamba la jirani. Ukingo ulimeguka akaingia mtoni na nguo zake zote. Mume wangu aliruka kumfuata. Jioni ile nilimkuta amekaa mlangoni, kikoi kimelowa, anaviangalia viganja vyake.

"Niligusa shati lake," aliniambia. "Nililishika kabisa. Kisha kifua kikakataa, nikapanda juu kuvuta hewa. Niliporudi hakuwepo."

Maiti ilipatikana kesho yake, mbali chini ya daraja. Mume wangu alishiriki mazishi, akakaa matanga, wala sikuona chozi. Matanga yalipokwisha akaanza kujizoesha kutopumua.

Alikuwa akifanya hivyo baada ya sala ya alfajiri, chali juu ya mkeka, simu kifuani ikihesabu. Mimi nilikuwa jikoni nikichoma anjera, zile chapati zetu za maji, mlango wazi. Nilimsikia akivuta hewa, akiitoa, akivuta tena, kisha kimya. Mwanzoni kimya kile kilikuwa kifupi, na ukimtazama ungedhani amebebeshwa gunia: mishipa ya shingo imesimama, tumbo linarukaruka kama la mtoto mwenye kwikwi. Hatimaye alipasuka, akahema kama mtu aliyekimbizwa na nyati.

Wiki zilivyopita, kimya kikarefuka. Tumbo likaacha kurukaruka mapema, uso ukalegea. Hapo ndipo nilipoanza kuunguza anjera. Mtu anayehangaika unajua yu hai. Huyu alikuwa ametulia tu, midomo imefifia rangi, na mimi naacha mwiko, naenda kuweka kiganja chini ya pua yake, na hakuna kitu. Aliponisikia aliinua kidole kimoja. Ndiyo ilikuwa ishara yake kwamba yupo. Nikarudi jikoni, nikasubiri asikike tena.

Mwili wake ukabadilika. Alipanda ukingo wa mto na pipa la dizeli begani asiheme. Mbavu zilifunguka alipovuta hewa, utadhani kifua kimeongezewa chumba. Siku moja mchana alipokuwa amelala niliweka sikio juu ya moyo wake. Ulidunda. Nikangoja. Nikangoja bado. Ukadunda tena. Nilimtikisa hadi akaamka akiuliza nyumba inaungua au vipi.

Mama mkwe alicheka. "Moyo wake umetulia," alisema. "Mbona wako ndio unakimbia, hooyo, mwanangu?"

Sikucheka. Nilimsumbua mume wangu mpaka tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mtu wa pwani aliyekulia baharini, na alipomaliza kumpima alitabasamu.

"Huu si ugonjwa, mama. Mtu anayejizoesha sana moyo wake hupunguza mwendo. Akizama unapungua zaidi, damu inaiacha mikono na miguu na kwenda panapohitajika. Miguu yake huwa baridi akitoka majini?"

"Kama barafu," nikasema.

"Basi ndiyo hiyo." Akamgeukia mume wangu. "Na kabla hujazama, unapumuaje? Nionyeshe."

Mume wangu akamwonyesha kwa fahari, haf-haf-haf, haraka haraka, kwa nguvu. Alijifunza kwenye video za simu. Tabasamu la daktari likaondoka.

"Acha," alisema. "Hapo ndipo utakapofia. Kinachokulazimisha kupumua si kwamba hewa nzuri imeisha. Ni hewa iliyotumika, inayojaa ndani. Wewe ukipumua mbio hivyo unaifukuza yote, kwa hiyo mwili hauoni haja ya kulalamika. Hewa nzuri inaisha kimyakimya. Unajiona uko sawa kabisa, tena unafurahi, kisha unazimika."

"Lakini nimezoea," mume wangu alisema. "Siku hizi hata sisikii shida."

"Ndiyo maana naogopa zaidi. Umeuzoesha mwili kunyamaza."

Daktari aliniangalia mimi sasa. Alisema mume wangu asizame peke yake hata mara moja, hata kwenye maji ya kiunoni. Akizimika nimtoe uso majini, nimpulizie machoni, nimpige mashavu, nimwite. Asipoamka nimpe pumzi yangu. Nilitoka pale nikiyarudia maneno hayo moyoni kama sura ya kuhifadhi.

Nyumbani nikaweka sharti: ajizoeshe, lakini nikiwepo, na kamba kiunoni. Hatukutumia mto. Shambani kuna bwawa la kuhifadhi maji, limetandikwa nailoni nyeusi, na hamna mamba. Kingo zake zinateleza kiasi kwamba mbuzi akitumbukia hatoki mwenyewe. Mimi nisiyejua kuogelea nilikaa juu, kamba nimeizungusha mkononi, naye chini ameshika jiwe ili asielee. Tulikubaliana: nikivuta mara moja, naye ajibu mara moja.

Miezi ikapita bila tatizo lolote, na hata hofu yangu ikaanza kuchoka. Kisha asubuhi moja nilivuta na jibu likachelewa. Nikavuta tena. Kamba ilirudi nyepesi, haina mtu wa kubishana nayo. Sikuwaza. Nilijitupa nyuma, visigino vikachimba udongo, nikavuta jinsi tulivyokuwa tukivuta madumu kisimani Tarbaj. Mgongo wake ulitokea kwanza. Nikalala kifudifudi juu ya nailoni, nikamshika nywele, nikamgeuza. Uso ulikuwa wa buluu, macho nusu wazi, na jambo lililonitisha ni kwamba alionekana ameridhika.

Nikampulizia machoni. Nikampiga kofi. Nikamwita, nikamwita kwa sauti ambayo watu wa shamba la pili waliisikia. Akavuta hewa kwa kishindo, akaniangalia.

"Mbona unanipiga?" aliuliza.

Hakukumbuka lolote. Kwake yeye alikuwa angali chini, mambo safi, akijiandaa kupanda. Nililia pale nikiwa na matope hadi nyweleni. Alinishika mkono kwa vidole vyake baridi. Alikiri kwamba asubuhi ile alikuwa amepumua mbio kidogo kabla ya kuingia, ili avunje rekodi yake. Nilimwambia akirudia nitarudi kwetu, na alijua sitanii. Hakurudia.

Mvua zilipokuja, mto ulifurika kingo zake ukameza mashamba na barabara. Watu wakawa wanavushwa kwa boti pale ambapo zamani tulitembea kwa miguu. Adhuhuri moja tulikuwa juu ya tuta tukiokoa mabomba, tukasikia mayowe. Boti ilikuwa imegonga kisiki ikapinduka karibu na ua wa shamba lililozama, na abiria walikuwa wanang'ang'ania matawi.

"Mke wangu hayupo!" mwanamume mmoja alipaza sauti. "Alikuwa hapa! Hapa hapa!"

Mume wangu alijifunga kamba, akanipa ncha. Alifunga macho, akapumua taratibu, ndani na nje, wakati yule mwanamume anamtukana kwa kuchelewa. Mimi mwenyewe nilitamani kumsukuma. Kisha akazama.

Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa, huoni chochote. Kamba ilikwenda, ikasimama, ikaenda tena. Nikavuta mara moja. Akajibu. Nikangoja. Nikavuta tena, na safari hii kamba haikurudi nyepesi wala haikujibu. Ilikuwa ngumu, imeshikwa. Nikavuta kwa uzito wangu wote. Watu wawili wakaja kunisaidia, tukavuta hadi ikatukata viganja, haikusogea.

Nilijua amekwama. Niliona uso ule wa buluu ulioridhika, nikamwona huko gizani akifurahi. Sikumbuki kama nilisali au nilipiga kelele. Watu waliniambia nilifanya yote mawili.

"Kule! Kule!" mtu akasema.

Alitokea mbali chini, kwenye mkondo, akiwa amemshika mwanamke kidevu. Wanaume wakawaendea wakishikana mikono. Shungi la yule mwanamke lilikuwa limenasa kwenye seng'enge za ua, na kamba yetu nayo ikanasa hapo hapo, kwa hiyo mume wangu alifungua kwanza shungi, kisha akaifungua kamba kiunoni mwake. Muda wote ule tulikuwa tunavuta ua.

Mwanamke alikuwa hapumui. Mume wangu akamwambia yule bwana ampe pumzi, akamwelekeza. Kisha mwanamke akatapika maji, akakohoa, akaanza kuuliza kiatu chake kiko wapi. Mumewe akaketi matopeni akaangua kicheko na kilio kwa pamoja.

Mimi sikumkimbilia wangu. Nilisubiri aje. Alipofika nikaweka mkono kifuani mwake, na kwa mara ya kwanza tangu aanze mambo haya, moyo wake ulikuwa unakwenda mbio.

"Ungeniambia unaifungua," nilisema.

"Ningekuambiaje, huku niko chini?"

Neno hilo lilinikaa. Sifa zake zilienea mjini, na sasa hata watu wa Bura humpigia simu mtu wao akipotea majini. Kila simu ikilia mwili wangu unapoa. Nimeacha kumwomba asiende. Badala yake, mafuriko yalipopungua, nilimwambia anifundishe na mimi.

Tulianza kule bwawani, penye kina kifupi, asubuhi kabla wafanyakazi hawajafika, nikiwa na nguo zangu zote na yeye ameshika mikono yangu. Niliinamisha uso majini na dunia ikazibika. Nilisikia moyo wangu ukipiga kwa fujo, kisha, bila mimi kuuomba, ukaanza kupungua. Jambo hilo lilinitisha kuliko maji yenyewe. Niliinuka nikitema.

"Tena?" aliuliza.

Nikamwambia asogee karibu zaidi, na asiniachie.