Chai ya Jumatano

Kila Jumatano chai ya Raheli haikuwa na sukari. Mzee Yotham aliinywa hivyo miaka mingi, kanuna. Mwanzoni aliuliza. Raheli akamjibu, "Nimesahau." Jumatano iliyofuata akasahau tena. Yotham akaona ameoa mkono wa birika, akanyamaza. Mtu utagombana na chai mpaka lini?

Sasa Raheli hayupo. Kaburi lake, kule makaburini Nzuguni, ni udongo na mawe tu. Yotham anataka kulijengea kabla ya mvua, maana udongo wa pale ukinyeshewa unatitia, na yeye hataki kwenda siku moja akute shimo. Stanley, mwanawe, anasema wasubiri mwakani. Mwakani ni mbali. Na hela ya simenti hana.

Siku moja walikuja mama wawili, rafiki za marehemu: Jenifa muuza karanga, na Mwajabu, mtu wa Busi, mwenye genge la mboga. Walimkuta uani anachambua mchicha. Majani anatupa, mashina anabakiza.

"Shikamoo, Baba Stanley."

"Marahaba."

"Shemeji, leo utakula kuni," Mwajabu akasema, akamnyang'anya ungo.

Jenifa akafungua pindo la khanga, akatoa fungu la noti. "Za Mama Stanley hizi. Zamu yake ya mchezo imefika."

Mchezo Yotham aliujua: wanawake wanachanga kila wiki, mmoja anapokea, wiki inayofuata mwingine. Hakujua kama Raheli alikuwemo.

"Alikuwa anachanga nini? Hela alipata wapi?"

"Sukari ya Jumatano," Jenifa akasema. "Kila mtu ana chake. Mimi Jumatano sipandi gari, natembea."

"Mimi sinunui vocha," Mwajabu akasema. "Mume wangu anaipenda sana siku hiyo."

Yotham aliziangalia zile noti. Akaona mifuko ya simenti imepangwa. Akanyoosha mkono. Jenifa akarudisha wake nyuma.

"Hela za mchezo wetu haziingii nyumbani, Baba Stanley. Zikiingia zinakuwa unga, zinakuwa ada, na mwanamke hajaenda popote. Kila mmoja anataja raha yake. Zamu ikifika anapelekwa, zinaliwa siku hiyo hiyo."

"Mimi nilipelekwa studio, nikapigwa picha na gauni la kuazima," Mwajabu akasema.

"Na yeye alitaja nini?"

"Mtera, bwawani. Akae kwenye kiti, mtu mwingine apike samaki, yeye asiulizwe chumvi iko wapi. Sahani mbili. Ya pili yako."

Yotham hakuelewa. "Lakini amekufa."

"Najua. Nilimwosha mimi," Jenifa akasema.

Yotham akasema, "Mfiwa anakwendaje kutembea? Watu watasema."

"Watasema," Mwajabu akajibu. "Wewe utakuwa umeshiba."

"Mimi nataka simenti."

Jenifa akaziweka noti juu ya kigoda, mbele yake. "Chukua. Mwenye haki ni wewe. Ila ujue hakuziwekea simenti."

Yotham hakuzigusa. Simenti ilikuwa pale, hatua moja. Akauliza kitu kingine.

"Akiniambia amesahau, alikuwa anacheka?"

"Hapo hapana," Jenifa akasema. "Akifika kwangu ndiyo anacheka. Anasema, leo tena kavimba."

Yotham akainamisha kichwa. Alipokiinua alisema, "Basi la Iringa, lile la kupitia Mtera, linapita saa ngapi?"

Walishukia Mtera, wakaingia kwenye banda la mama lishe, bwawa liko mbele. Wale mama walijilipia vyao. Yotham akaletewa sahani mbili za perege, moja yake, moja mbele ya kiti kitupu. Aliomba moyoni samaki awe mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtamu, na hapo ndipo Yotham alipovurugikiwa kabisa. Mtu aliyefiwa anasikiaje utamu?

"Mzee, chumvi imetosha?" mpishi akauliza.

"Leo hatuulizwi chumvi," Yotham akasema, akajisikia anacheka. Akaacha haraka.

Ile sahani nyingine alitaka ifungwe. Mwajabu akakataa. "Hairudi nyumbani." Yotham akaila polepole, akikitazama kile kiti.

Kwenye basi la kurudi aliuwaza udongo wa makaburini. Amekula simenti ya mkewe, au amemfanyia alichotaka? Aligeuza hivi, akageuza vile.

Jumatano alichemsha chai. Akachota sukari, kijiko kikafika juu ya kikombe, kikasimama. Akairudisha koponi. Chai ilikuwa chungu kama zamani. Alipoimaliza akaenda kwa Jenifa na sarafu mkononi. Mwajabu alikuwepo.

"Unaendeleza nafasi yake?" Jenifa akauliza.

"Naendeleza."

"Basi taja raha yako."

"Simenti."

"Shemeji, tumeshasema haiingii nyumbani."

"Haiingii. Inakwenda makaburini."

Jenifa akamtazama Mwajabu. Hilo hawakuwa wamelipangia.

"Simenti ina raha gani?" Mwajabu akauliza.

"Sijui," Yotham akasema. "Nitaichanganya mwenyewe. Nyie mkae kwenye viti. Apike mtu mwingine."

"Na mvua zikitangulia zamu yako?"

"Nitaongeza udongo."

Jenifa akafungua pindo la khanga, akazipokea zile sarafu.