Siku Nilipomfungia Bibi Harusi wa Watu Ndani ya Pijo

Nianze na aibu yenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine: yule mwanamke wa Kiafrika mwenye mtandio wa kijani aliyejifungia ndani ya gari jeupe kuukuu na bibi harusi wa watu, huku bwana harusi anagonga kioo kwa shada la maua, video iliyozunguka kwenye simu za watu hapa Guangzhou mpaka ikamfikia shangazi yangu Tanga (akanitumia ujumbe wa sauti kuniuliza kama siku hizi nateka watu, na kama ninakula vizuri), basi ni mimi. Sikatai. Mtandio wenyewe ninao bado, ila siuvai tena.

Mnajua ninakaa Sanyuanli, ghorofa ya nne, nyumba ya Mzee Liang na mkewe, ambaye mimi namwita Ayi, yaani shangazi kwa Kichina, kwa sababu ndivyo alivyotaka tangu siku ya kwanza. Kazi yangu mnaijua pia: nanunua vitambaa soko la Zhongda, nashonesha madera mtaa wa Kangle, natuma Dar. Nyuma ya nyumba ile, chini ya kibanda cha mabati, Mzee alikuwa na Pijo mbili, moja 505 nyeupe, nyingine pikapu ya buluu, 504. Nyumbani nikisema Pijo ziliwahi kuundwa hapa hapa Guangzhou watu hunicheka, lakini ndiyo hivyo, na Mzee Liang alikuwa fundi wa kuzifungia milango katika kiwanda chake ujana wake wote, mpaka kilipofungwa. Marehemu baba yangu naye alikuwa dereva wa Pijo, anapeleka abiria Korogwe na Lushoto, kwa hiyo siku nilipoliona lile gari jeupe nikasimama nikalishika boneti kama naliuliza hali, na Mzee akaniona kutoka dirishani. Tangu hapo tukawa marafiki. Kichina changu ni cha sokoni, cha bei gani na punguza kidogo, na yeye Kiswahili hajui hata neno, lakini alikuwa ananifungulia mlango wa gari, anaufunga polepole, tunasikiliza wote ule mlio wake, kisha anatingisha kichwa ameridhika. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Mwaka huu Mzee akapata kiharusi. Upande mmoja ukalala, maneno yakamwia mazito, akalazwa hospitali muda mrefu. Wanawe wawili wakaanza kusema sasa yale mavyuma yauzwe chakavu, yanakula nafasi. Ayi hakubishana nao. Alikuja kwangu na bakuli la supu, akakaa kitandani kwangu, akasema, "Nataka akirudi ayasikie yakinguruma. Wewe unawajua watu. Hakuna fundi unayemjua?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema mei you, hakuna, kama wanavyotuambia wao kila siku madukani, leo ningekuwa na heshima zangu. Lakini nilimwangalia yule mama, nikaangalia na ile supu, nikajibu, "Yupo. Namjua." Ukweli ni kwamba sikumjua hata mmoja. Aliyemjua fundi ni Trésor, Mkongo wa Lubumbashi anayesafirisha vipuri, mtu wa kanisani na tai, roho yake safi kabisa ila anajiamini kupita kiasi. Nikampigia. "Mama Zuhura, usiogope," akaniambia, "niko na fundi muzuri sana, anaitwa Chen, ule muntu anaweza kufufua hata gari ya Nuhu." (Nilipomwambia Nuhu alikuwa na safina akasema, "Voilà, hata ile.")

Basi Chen akaja na lori la kubebea magari, akayachukua yote mawili wakati wanawe Mzee wako kazini, akayapeleka kwenye gereji yake huko nje ya mji upande wa Baiyun, uchochoro umejaa magereji, mafuta meusi kila mahali. Nilikwenda mara moja nikaona yamewekwa chini ya paa, nikaridhika. Halafu ikaingia Ramadhani, na nyinyi mnajua biashara ya madera kabla ya Idi, mtu husahau hata jina lake. Nilikuwa nalala na kuamka na vitambaa. Chen hakupiga simu nami sikumpigia, nikajiambia fundi aliyenyamaza ni fundi anayefanya kazi (jamani, nilijifunza wapi hilo).

Idi ikapita. Ayi akapata habari kwamba Mzee anaruhusiwa kutoka Jumamosi. Tukapanda teksi wawili, yeye amevaa koti lake la kutokea, na mfuko wa machungwa wa kumpa fundi. Tulipofika nikadhani dereva amepotea njia. Uchochoro haukuwepo. Palikuwa na uzio wa mabati ya buluu, nyuma yake katapila linakwangua vifusi, na kwenye ukuta mmoja uliobaki wamepaka kwa rangi nyekundu ile herufi inayosomwa chai, na chai yao hiyo si ya kunywa, maana yake ni bomoa. Nikampigia Chen, simu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mlinzi wa pale aliulizwa, akasema mafundi wote walihama, nani anajua wapi.

Ayi hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alinishika kiwiko, akasimama akiangalia lile katapila, kisha akasema taratibu, "Tusiwaambie vijana," akampa mlinzi machungwa.

Siku zilizofuata sikufanya biashara. Trésor na mimi tulizunguka kwenye yadi za magari mpaka viatu vyangu vikaachia soli. Yeye Kichina chake kimenyooka, anauliza kwa adabu, na kila mahali ni mei you. Akaniambia, "Mama, mi naona haya sana. Ni miye nilikuleteya huyu muntu." Nikamwambia sote tumo. Usiku ndotoni nilikuwa simwoni Mzee Liang wala Ayi, namwona baba yangu amesimama kituoni ananiuliza, gari la watu liko wapi. Mtu aliyelelewa na dereva anajua gari si chuma tu.

Ijumaa ikabidi niende Kangle kuchukua mzigo, wateja walikuwa wananitukana kwa heshima. Katika kurudi nikakatiza kwenye maghala ya zamani ambayo siku hizi wameyafanya mikahawa na sehemu za maharusi kupiga picha. Nikapita nimeinamisha kichwa. Nikainua. Mbele yangu, jua linawaka kwenye kioo chake, Pijo 505 nyeupe.

Sikufikiri. Ningefikiri ningeona taa za mpiga picha, ningeona bwana harusi amesimama pembeni anafutwa jasho, ningeona mambo mengi. Mimi niliona gari la Mzee Liang tu. Nikatupa mzigo wa madera chini, nikafungua mlango wa dereva, nikaingia, nikabonyeza kitufe, na milango yote minne ikajifunga kwa pamoja, tak. Nikashika usukani kwa mikono miwili, funguo zinaning'inia chini yake. Yule mpiga picha akaja dirishani ananionyesha nitoke, nikamwambia kwa Kichina changu cha sokoni, "Gari hili langu. Sitoki. Ita bosi." Akasema maneno marefu. Nikamwambia, "Sitoki."

Ndipo nikasikia mtu anapiga chafya nyuma yangu.

Nikageuka. Siti yote ya nyuma ilikuwa gauni. Katikati ya lile gauni kulikuwa na binti mdogo mdogo, kiatu kimoja mkononi (alikuwa ameinama anakivaa nilipoingia, ndiyo sababu sikumwona), ananiangalia. Nami nikamwangalia. Nje bwana harusi alikuwa ameshaanza kugonga kioo kwa shada la maua, petali zinaruka, na watu wa mikahawani wametoka na simu zao. Kwa mtu wa nje, naelewa, ilionekana vibaya.

Sasa hapo mwenye akili angefungua mlango, lakini nikajiambia nikitoka tu gari linaondoka na Mzee anarudi kesho. Nikampigia Trésor, nikampigia Ayi, nikawatumia ramani, kisha machozi yakanitoka, si ya kuigiza. Yule binti akatafuta katikati ya gauni lake, akatoa kitambaa cha karatasi, akanipa. Akauliza, "Ayi, unalia nini?" Aliniita ayi mimi. Nikamweleza nilivyoweza: mzee, mgonjwa, gari, fundi, bomoa, kesho. Sijui alielewa nini, lakini bwana harusi alipozidi kugonga yule binti alimwonyesha kwa kidole asubiri. Mpaka leo simjui jina, namwombea heri.

Askari wakafika. Wawili, wapole, wamesimama wanasikiliza watu kumi wanaongea kwa pamoja. Trésor akafika na tai yake, nikadhani sasa nimepata wakili, kumbe Trésor alipoona askari, bibi harusi na mimi ndani alipiga magoti chini, akaanza kuomba msamaha kwa Kichina, Kifaransa na Kiswahili, na ndiyo ile sehemu ya video watu wanayoirudiarudia zaidi. Mwishowe Ayi akashuka kwenye teksi. Umati ukampisha. Alilizunguka gari polepole, akaufungua mlango wangu (nilikuwa nimeshamfungulia, nani atamfungia Ayi), akaufunga tena, akausikiliza.

Akasema, "Si letu."

Akaufungua tena, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shuka, mwanangu. Hili si letu."

Kushuka kwenye lile gari ndio mwendo mrefu kuliko yote niliyowahi kwenda. Askari mmoja akanishikia mtandio uliokwama mlangoni. Mwingine akanipa mzigo wangu wa madera, ameukung'uta vumbi. Niliomba radhi kwa bwana harusi, kwa askari, kwa mwenye gari, mzee mwenye kofia ambaye alilinunua miaka mingi iliyopita na hulikodisha kwa picha. Huyo hata hakukasirika, aliuliza tu maswali mengi kuhusu gari la Mzee Liang, kama mtu aliyesikia habari za ndugu. Askari waliandika, wakatushauri tutulie, wakaondoka. Ayi akanishika mkono njia nzima ya kurudi.

Kumbe aibu nayo ina miguu. Kabla ya magharibi Trésor akapigiwa simu na namba asiyoijua. Chen. Yuko kijijini kwao Qingyuan, mama yake anaumwa, simu yake ilitumbukia kwenye maji ikafa na namba zote, na siku zote hizo hakujua atutafute wapi, mpaka mpwa wake alipomwonyesha video ya kuchekesha akamwona Trésor amepiga magoti, na chini yake watu wameandika mpaka namba yake ya biashara. "Magari ninayo," akasema. "Waliponiambia nihame niliyaleta huku. Yako kwenye banda la kuku la kaka yangu."

Tulikwenda alfajiri na Ayi. Ile nyeupe ilikuwa imeoshwa, Chen akaiwasha, ikanguruma kama iliyokasirishwa. Pikapu ilikuwa nyuma ya banda, haina magurudumu, haina injini, kuku wametaga kwenye siti. Vipuri vya Pijo havipatikani, Chen akatueleza huku anaangalia chini, kwa hiyo alivitoa kwenye moja ili ya pili ipone. Alidhani ndivyo tulivyotaka. Alipotafuta kutuuliza hakutupata.

Nilitamani ardhi inimeze. Ayi alikwenda akasimama kando ya ile pikapu. Humo ndimo alimopakiwa na masanduku yake siku aliyohamia kwa mumewe, aliniambia baadaye, amekaa juu ya godoro, mvua inanyesha. Aliweka kiganja chake kwenye bati muda mrefu. Kisha akamwambia Chen asiwafukuze kuku.

Mzee Liang alirudishwa mchana na wanawe, kwenye kiti cha magurudumu, na nyeupe, aliyotuletea Chen mwenyewe, imeegeshwa mbele ya nyumba, inanguruma. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango wa ngazi. Akaniita. Video alikuwa ameshaiona, wanawe walimwonyesha hospitalini, na wao waliotaka yauzwe chakavu ndio waliokuwa wameinamisha nyuso. Ayi alimwambia habari za pikapu pale pale, hakuficha. Mzee akafumba macho, akakaa hivyo, jicho la upande mzima likatoa chozi moja akaliacha. Hakuna aliyezima gari.

Baadaye akanitazama mimi. Maneno yalimtoka moja moja, Ayi akanirudia polepole ili nielewe. "Funguo. Zilikuwa. Kwenye gari lile. Kwa nini hukuliondoa?"

Nikamwambia ukweli, mbele ya wanawe na majirani wote. "Sijui kuendesha, Mzee."

Akacheka. Nusu ya uso wake tu ndiyo iliyocheka, lakini alicheka mpaka Ayi akamshika bega asianguke.

Sasa mimi nimekaa nimejiapiza. Fundi wa mtu mwingine sitamdhamini tena, hata wa cherehani. Na gari lolote, la kwangu, la teksi, la msiba, sitii mguu ndani kabla sijachungulia siti ya nyuma, na ikibidi nainua na gauni.