Siku Niliyofagia Shamba

Nakumbuka asubuhi moja ya Agosti, pale Bertrams, mtaa wa jiji la ugenini tulikohamia, nilipofagia shamba. Umesoma sawasawa, mwanangu: si uwanja wala baraza, ni shamba. Na niruhusu nikuite mwanangu ingawa mimi mwenyewe bado ni kijana. Mvi chache nilizonazo nilizipata siku hiyo.

Shamba lilikuwa nyuma ya nyumba za watu, si mbali na uwanja wa mpira. Mama Furaha, mwenyeji wa Uvira, alikuwa akililima na wanawake wa kanisa letu: lengalenga, matembele, maharage. Ardhi ni ya jiji, na kulikuwa na watu waliotaka pawe maegesho ya magari siku za mechi. Kilichoweza kutuokoa ni mpango wa serikali wa kuhifadhi ardhi ya kilimo mjini. Ukikubaliwa, unapewa mkataba mrefu, mabomba ya maji na mbolea, na hakuna anayeruhusiwa kumwaga zege hapo. Sharti kubwa ni kuutunza udongo. Usiuache uchi. Ufunike kwa nyasi kavu na mabua, upepo usiuchukue.

Mimi nilikuwa mkalimani wao, na nilijiona mtaalamu pia, kwa sababu ya video nilizotazama kwenye simu. Sharti hilo nililijua vizuri kabisa. Lakini siku ya ukaguzi ilipofika, nililitazama shamba nikaona aibu. Nyasi zimetapakaa, mabua yamelala ovyo kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Nyumbani kwetu Kigoma, mgeni akija, hata mchanga wa uani unachorwa mistari kwa ufagio. Nikajiambia nitaziondoa kwa muda tu, kisha afisa akiondoka nitazirudisha. Nikawahi kabla ya kina mama, nikajaza magunia, nikayapanga nje ya geti, halafu nikafagia. Pembe moja niliirudia kwa sababu mistari haikunyooka.

Afisa wa kilimo alifika na bakkie yake, pikapu ndogo, akaingia pamoja na Mama Furaha. Wote wawili wakasimama. Afisa akauliza kwa Kiingereza ni nani ameiba nyasi. Mama Furaha, akiwa bado anashangaa, akataka kujua mgeni amesema nini.

"Anasema pamependeza," nikamtafsiria.

Uso wake ukafunguka. "Basi umwambie ni weye ulifagia. Asizani ni siye wazee."

Nikajifanya natafuta neno la Kiingereza. Akaona nachelewa, akamwambia mwenyewe kwa mikono: akaninyooshea kidole, kisha akainama akafagia hewa, akicheka kwa fahari.

"Eish," afisa akasema.

Hapo upepo ukavuma. Udongo wetu mwekundu ukainuka, ukavuka ukuta, na kiasi chake kikabaki kwenye shati jeupe la afisa. Akajipangusa, akasema mpango wake unalinda ardhi iliyopo, siyo inayohama. Mama Furaha akanitazama, akasubiri. Safari hii nikamtafsiria yote, pamoja na lile la kwanza.

Hakupaza sauti. Ningefurahi angepaza.

"Mutoto wangu," akasema, "huyu papa wa serikali alikuja kuangalia udongo. Hakukuja kukuangalia weye."

Akauliza nyasi ziko wapi. Nikatoka getini na kukuta hakuna hata gunia moja. Gari la taka lilikuwa limepita. Tuliliona mbele, limesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, nyekundu ikiwaka. Mama Furaha akavua kandambili akakimbia. Nikamfuata. Afisa naye, sijui ni huruma au ni hasira, akapanda bakkie yake na kwenda kulizuia. Wafanyakazi wa gari walicheka sana kuona watu wazima wanalilia nyasi, lakini waliturushia magunia yetu.

Tulizitandaza upya, afisa akiwa amekunja mikono ya shati. Aliondoka bila kuahidi kitu, akasema atarudi mvua zikianza, na hatatuarifu siku. Niliishi na hofu hiyo wiki nyingi. Alipokuja, alipitisha mkono chini ya mabua, akatoa tonge la udongo wenye unyevu, akamwonyesha Mama Furaha, na wote wawili wakatabasamu bila mkalimani. Mkataba ukatiwa saini. Zege halikumwagwa.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukipewa kitu cha kutunza, kitunze kama kinavyotaka chenyewe, hata pale kinapokutia aibu mbele ya wageni. Ukiwa kinywa cha mwenzako, usimpe maneno matamu tu. Shamba ni lake, na habari mbaya za shamba ni zake pia. Nami bado najifunza. Hata maneno haya nimeyafuta mara nyingi, na sasa nayaacha yalivyo.

Mungu akupe mahali pa kupanda usipofukuzwa, mvua isiyochelewa, na mtu wa kukwambia ukweli huku akikupenda.