Sinema Alizonisimulia Dada

Masika ya mwaka huu niliteleza kwenye tope nyuma ya nyumba yetu hapa Uyole, ndoo ikaenda kwake na mimi kwangu, na mguu ukavunjika, ukafungwa hogo la plasta mpaka gotini. Unajua Mbeya inavyokuwa wakati wa mvua: mawingu yanashuka mpaka mlangoni, nguo hazikauki, na mtu asiyeweza kutoka anabaki kutazama ukuta. Binti yangu alipoona nimekuwa mkimya kupita kiasi, akachukua flashi akaipeleka Mwanjelwa kwa kijana anayeuza muvi. Akamwambia amtilie mama chochote. Yule kijana akatii, akatia kila kitu.

Basi nikaangalia. Ya Kikorea ilinipendeza, wale watu wanajua kulia, ila kila mwenye huzuni anakaa mbele ya bakuli la tambi, mwisho nikajikuta na mimi nasikia njaa. Ya Kinaijeria nilimjua mchawi kabla ya wote, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na adabu kwa wakwe. Ya Kimarekani magari yaliungua mengi, sikuelewa nani yuko upande wa nani, nikasinzia. Ya hapa kwetu ilikuwa na sebule yenye makochi meupe, na humo ndani hakuna hata mmoja aliyewahi kuonekana akipuliza jiko la mkaa. Nikajiuliza wanapikiwa na nani.

Kisha ikaja ya Kihindi, ya zamani, rangi zimefifia. Mama mmoja muuza bangili anapotezana na mtoto wake wa kiume stesheni ya treni. Ulipoanza tu wimbo wa kwanza nikakaa wima kitandani. Picha ile sikuwahi kuiona maishani mwangu, lakini nilikuwa naijua yote.

Niliijulia Igowole, jikoni kwa Bibi. Tulikuwa wawili, mimi na Dada, na Bibi ndiye aliyetulea. Mama alikuwa ameenda Makongolosi kuwapikia wachimba dhahabu. Mwanzoni alikuwa akituma vitu kwa watu wanaopita, kanga ya Bibi, sukari, viatu vya shule vya Dada. Halafu vitu vikaacha kuja, na salamu nazo zikaacha, na Bibi akaacha kuzungumzia jambo hilo. Akawa anaimba tu nyimbo zake za kanisani huku akikoroga makande.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mwenye duka, mtu wa asili ya pwani, mpole, aliyekuwa na televisheni na jenereta. Jumamosi mchana aliiweka televisheni barazani, watoto wa jirani wakaja. Mimi sikuruhusiwa. Kifua changu kilikuwa kibovu, na ukungu wa kule ukiingia tu nilianza kubanwa. Kwa hiyo alikwenda Dada, mimi nikabaki na Bibi kando ya moto, nikisikia jenereta ikinguruma kwa mbali na kujaribu kukisia kinachoendelea.

Dada alirudi akinukia petroli. Akaketi kwenye kigoda, akavuta ungo wa mahindi, na tukaanza kupukuchua huku akinisimulia. Hakusimulia, aliigiza. Alikuwa polisi, akawa mkwe, akawa treni. Nyimbo za Kihindi aliziimba kwa maneno ambayo leo najua yalikuwa Kihehe kilichochanganywa na kwaya. Wahindi wake walikula ugali. Na katika picha za Dada hakuna aliyepotea moja kwa moja. Mtoto aliyeibwa alitambuliwa kwa kovu, mume aliyedhaniwa amekufa alibisha hodi siku ya sikukuu. Yule muuza bangili naye mwanawe alimsikia sokoni akinadi bidhaa, akaitambua sauti, wakakumbatiana katikati ya watu. Bibi aliyekuwa akijifanya hasikii aliguna.

"Hizo picha zenu watu hawafi?"

"Wanakufa wabaya tu, Bibi," Dada akasema, akaendelea na mahindi yake.

Mimi nililala vizuri siku za Jumamosi.

Alipomaliza darasa la saba Dada alipanda lori la viazi kwenda Mbeya, na kutoka hapo akaenda Chunya, mpaka Makongolosi, kumtafuta Mama. Alirudi mvua zikiwa zimeanza. Alisimama mlangoni na begi lake, akatuambia kwamba Mama alikufa muda mrefu uliopita, kwamba ameonyeshwa kaburi. Hakuigiza chochote. Bibi akaondoa sufuria motoni, akakaa chini. Baada ya msiba Dada akarudi kulekule, akachukua banda la chakula alilokuwa akipikia Mama, na yuko huko hadi leo.

Kwa hiyo hapa Uyole, nikiiangalia ile picha, nilikuwa nasubiri lile soko na ile sauti. Halikuja soko lolote. Kijana anafika, anakuta mlango umefungwa, na jirani anamwambia mama yake amefariki na ameshachomwa, kwa desturi yao. Ameacha bangili chache dirishani. Picha ikaisha.

Nikampigia Dada. Nilisikia masufuria na watu wakiagiza wali.

"Dada, ile picha ya muuza bangili nimeiona."

"Ipi hiyo?"

"Aliyepotezana na mtoto stesheni."

Akacheka. "Wewe bado unaikumbuka hiyo?"

"Yule mama anakufa, Dada. Mtoto anafika wameshamaliza msiba."

Masufuria yakaendelea kugongana.

"Mimi mwisho sikuuona," akasema. "Si unajua Bibi alivyokuwa akiita jua likishuka kwenye mikaratusi? Zile picha zote, hata moja sikuwahi kufika mwisho. Nilikuwa natunga njiani nikirudi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, mdogo wangu? Ulikuwa hulali. Unakohoa, unamuulizia Mama mpaka kunakucha. Ungelala na mwisho gani?"

Nikamwambia kwamba binti yangu anaweza kumrushia ile picha kwenye simu, aione yote akipata nafasi. Macho ya Dada yanamsumbua siku hizi kwa ule moshi wa kuni, lakini hakutoa sababu hiyo.

"Hapana," akasema taratibu. "Hiyo naijua."

Kisha akaniuliza habari za mguu, na akaaga, wateja wamekuwa wengi.

Bibi tulimzika Igowole. Jiko lake lilianguka mvua za mwaka uliofuata, na kiwanja sasa ni miparachichi ya mtu mwingine. Mwenye duka alifariki, wanawe wakauza nyumba wakahama, na watoto wa pale kila mmoja ana picha zake kwenye simu, anaangalia peke yake ameinamisha kichwa. Mimi hogo limetolewa, natembea. Jioni nikiwa sina kazi bado naiwasha ile flashi. Naangalia mpaka mwisho, siku hizi hakuna anayeniita, na ikiisha nasikia mvua kwenye bati.