Hakuna Aliyekumbuka Utoto wa Lidwina

Lidwina Nyoni alifiwa na mama akiwa na miaka sita, na tangu hapo hadi alipoolewa alilelewa kwa kupokezana. Alianza Lusewa kwa shangazi yake, akahamishiwa kwa mke wa baba mdogo, akakaa kwa bibi mmoja ambaye hakuna aliyeweza kueleza vizuri udugu wao, mwisho akarudishwa kwa shangazi. Alijifunza mapema kutodeka. Mtoto wa kupokezana huamka kabla hajaamshwa, na hula akiwa ameinamisha macho.

Labda ndiyo maana watoto walimpenda. Mwaka tisini na tano, akiwa na miaka ishirini na sita, alikuwa mlezi katika kituo cha watoto cha Zuhra, pale Mjimwema. Vituo vya namna hiyo vilikuwa vigeni Songea. Zamani mtoto aliachiwa bibi yake. Siku hizo biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwanamke mwenye nguvu alikuwa na meza ya mitumba au genge lake, na mabibi walikuwa wamebaki vijijini. Zuhra, mwenyeji wa Tunduru aliyeolewa mjini, aliliona pengo hilo. Alitandika mikeka katika vyumba viwili vya nyumba yake, akaajiri walezi wawili, Lidwina na Mwanaisha.

Mume wa Lidwina, Makarius, alikuwa amepunguzwa kazini pamoja na wenzake wengi. Aliposikia watu wanaokota mawe ya thamani Tunduru, alifunga mfuko wake, akaondoka mwezi wa sita. Hakujua kwamba mkewe ana mimba. Hata mkewe alikuwa bado hana hakika. Alipokuwa na hakika alimwandikia barua. Jibu halikuja.

Kliniki, Nesi Leticia alimuuliza kazi yake.

"Nalea watoto wadogo, kumi na wanane."

Nesi akaweka kalamu chini. "Basi nisikilize vizuri. Usimwinue mtoto mkubwa kutoka chini. Kaa, mwache apande mwenyewe mapajani. Ndoo ya maji muachie mwenzio. Ukibadilisha nepi, ukifuta kamasi, nawa kwa sabuni, si maji matupu. Na uji uliobakizwa na mtoto usiumalizie." Akamtazama. "Tetekuwanga uliugua utotoni?"

"Sijui."

"Muulize mama."

"Alishafariki."

"Waulize waliokulea, basi. Aliyeugua mara moja kwa kawaida haugui tena. Lakini mjamzito ambaye hajawahi, ikimpata inaweza kumlaza vibaya, na hata mtoto aliye tumboni akadhurika. Ukiona mtoto ana vipele vya maji, toka hapo, uje kwangu."

Lidwina aliitikia, ila hakumuuliza mtu. Lusewa ni mbali, na aliona haya kuwasumbua watu waliokwisha kumlea kwa shida. Hata kwa Zuhra hakuitaja mimba yake. Alivaa kitenge juu ya gauni kuficha tumbo.

Kituoni kulikuwa na mtoto aitwaye Tabu, wa mwaka mmoja na nusu, ambaye mama yake aliuza dagaa wa Nyasa sokoni. Tabu hakulala mchana isipokuwa kifuani kwa Lidwina. Jumatatu moja ya mwezi wa tisa aliletwa akiwa amechemka mwili, na Lidwina akashinda naye kutwa nzima. Kesho yake, akimvua gauni, aliona tumboni vipele vidogo, kimoja kimoja, mithili ya matone ya maji.

"Tetekuwanga hiyo," alisema Mwanaisha akichungulia. "Mimi iliniacha na makovu haya, ona."

Lidwina akamweka Tabu kwenye mkeka, akarudi nyuma hadi mlangoni. Mtoto akanyoosha mikono. "Dina! Dina!" Alilia hadi akapaliwa. Lidwina alisimama pale mikono yake ikiwa nyuma, vidole ameving'ang'ania, akamtazama Mwanaisha akimbeba.

Zuhra akaja kuona kuna nini. "Ni upele wa joto huo. Mbona unamkimbia mtoto wa watu?"

"Dada Zuhra, nina mimba ya miezi minne. Na sijui kama niliwahi kuugua."

Zuhra akakitazama kile kitenge. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utatafuta mwingine."

"Laiti ungeniambia, nisingekuachia watoto wenye homa." Akashusha pumzi. "Nenda nyumbani. Nafasi yako nitakuwekea, inshallah. Mshahara wa siku ambazo hupo sina uwezo nao, nisikudanganye."

Kliniki, Nesi Leticia alimsikiliza wakiwa wamesimama nje, mbali na foleni ya wajawazito. "Ulimbeba jana?"

"Kutwa."

"Basi limeshapita, haliwezi kurudishwa, na dawa ya kulizuia hapa sina. Kaa kwako wiki tatu. Usikaribie mjamzito wala kichanga. Ukishikwa na homa usingoje vipele, njoo upesi. Na ukija fanya hivi hivi, simama nje uniite."

Siku ile ile alimwendea Egidi, dereva wa lori la mahindi lililokuwa likienda pande za Lusewa, akamtuma swali lake kwa waliomlea. Kisha akajifungia katika chumba chake cha kupanga.

Mpangaji mwenzake alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo Lidwina aliacha kumsogelea. Asubuhi mwenzake huyo alimwekea ndoo nusu ya maji mlangoni, akabisha mara mbili, akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao. Ulikuwa wakati wa kampeni, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Magari yenye vipaza sauti yalipita barabarani yakiahidi barabara, dawa, na bei nzuri ya mahindi, vumbi lao likaingia dirishani. Sauti zilikuwa nyingi kuliko siku zote, na hakuna hata moja iliyomwita kwa jina lake.

Kila asubuhi alivua nguo akajikagua kwa kioo kidogo alichokiacha Makarius: shingo, kifua, tumbo, nyuma ya masikio. Siku ya nane aliona doa jekundu mkononi. Alikaa kitandani akilitazama tangu asubuhi hadi jua lilipogeuka. Lilikuwa limetulia pale pale. Kunguni.

Siku ya kumi na moja Egidi alirudi, akasimama ng'ambo ya uzio wa mabua.

"Shangazi yako anasema kwake hukuugua kitu. Anasema nimuulize mke wa baba yako mdogo. Nikampitia. Yeye anasema watoto walikuwa wengi na tetekuwanga ilipita nyumbani, lakini hakumbuki ilimshika nani."

"Na bibi?"

"Bibi alizikwa mwaka juzi."

Lidwina hakuwa na habari. "Hawakusema kitu kingine?"

Egidi akafikiri. "Wamekusalimu."

Alipoondoka, Lidwina alirudi ndani, akalia kwa mara ya kwanza tangu aanze kujifungia. Hakumlilia bibi peke yake. Alilia kwa kuwa watu watatu walimlisha, walimvika, wakamtuma maji, na hakuna hata mmoja aliyebaki na kumbukumbu ya mwili wake. Watoto wengine, aliwaza, mama zao wanajua hata jino lilitoka lini.

Siku ya ishirini na moja ilipita bila homa. Nesi Leticia alimpima joto, akasikiliza tumbo, akatabasamu. "Mtoto anadunda. Ulikaa na Tabu kutwa na haikukushika. Siwezi kuapa, lakini naona uliwahi kuugua."

Njiani kurudi alitembea polepole. Ikiwa ni kweli, basi katika nyumba mojawapo aliwahi kulala akiwa na homa, na kuna mtu aliyemnywesha maji, aliyemshika mikono asijikune, maana yeye hana kovu hata moja. Labda bibi. Hakuwa na wa kumuuliza.

Kituoni Tabu alikuwa amepona, ngozi yake ina mabaka. Lidwina alikaa chini kama alivyofundishwa, akafungua mikono. Tabu alimtazama kidogo, kisha akaenda kujificha kwenye khanga ya Mwanaisha. "Atakuzoea tena," alisema Mwanaisha kwa huruma. Hakumzoea tena kama zamani. Ila tangu siku hiyo Zuhra alipokea watoto mlangoni mwenyewe, akawagusa paji la uso, na mwenye homa alirudi na mama yake, hata mama akinung'unika.

Barua ya Makarius ilifika mwezi wa kumi na moja: jiwe bado, lakini amefurahi. Lidwina alijifungua mtoto wa kike mwezi wa pili, mvua ikinyesha juu ya bati, akamwita Careen. Makarius alikuja Pasaka, akamshika mwanawe kama mgeni ashikavyo kikombe cha mwenye nyumba, akakaa wiki mbili, akarudi Tunduru. Careen alipotimiza miezi mitatu, Lidwina alimfunga mgongoni, akaenda kazini.